Hatia ya zamani na leseni binafsi ya pombe England na Wales

Leseni binafsi ni kibali cha mtu mmoja mmoja kuidhinisha uuzaji wa pombe. Huitolea maombi kwa halmashauri ya mahali unapoishi, chini ya Sheria ya Leseni ya mwaka 2003. Mhudumu anayemimina bia haihitaji. Msimamizi aliyetajwa kwenye leseni ya baa au duka ndiye asiyeweza kuikosa. Wengi waliowahi kutiwa hatiani hukata tamaa kabla ya kugusa fomu, na hiyo ni hasara ya bure, kwa sababu hatia peke yake haimzuii mtu. Yanayoulizwa ni mawili: kosa limo kwenye orodha? Na muda wake umekwisha?

Orodha iko katika Jedwali la 4 la sheria hiyo. Mna wizi, udanganyifu, dawa za kulevya, silaha, makosa ya kingono, ukatili, magendo ya pombe na sigara, na kuendesha gari ukiwa umelewa. Faini ya mwendo kasi haimo.

Muda ndio unaowachanganya watu. Kwa sheria ya mwaka 1974 kuhusu wakosaji waliojirekebisha, hatia nyingi hufikia siku ambapo halmashauri haina ruhusa tena ya kuzihesabu. Kwa mtu mzima, tangu tarehe 28 Oktoba 2023, faini huisha muda miezi 12 baada ya kutiwa hatiani. Kifungo cha hadi mwaka 1 huchukua miezi 12 zaidi baada ya adhabu kwisha. Cha zaidi ya mwaka 1 hadi 4, miaka 4. Kinachozidi hapo, miaka 7, isipokuwa baadhi ya makosa mazito na kifungo cha maisha, ambavyo haviishi muda. Hesabu huanza siku ya mwisho ya adhabu yote, si siku uliyotoka gerezani. Hapa ndipo watu hukosea na kuomba mapema mno.

Mtego mwingine ni ulevi barabarani. Faini yake huisha muda ndani ya mwaka, lakini alama iliyowekwa kwenye leseni ya udereva hudumu miaka 5 kwa hesabu hii, na muda mrefu ndio unaofuatwa.

Pamoja na fomu na ada ya pauni 37, hupelekwa cheti cha mafunzo ya uuzaji pombe, picha mbili (moja ithibitishwe na mtu anayeaminika, kama wakili), uthibitisho wa haki ya kufanya kazi, na cheti cha msingi cha rekodi ya jinai kisichozidi mwezi mmoja. Hiki cha mwisho ni kama cheti cha tabia njema cha Kenya, ila huonyesha tu hatia ambazo muda wake haujaisha. Usikiombe kabla mafunzo hayajakamilika, kitapitwa na wakati ukisubiri.

Cheti hicho hakina habari za mahakama za Mombasa au Dar es Salaam, na wapo wanaodhani basi hazihusiki. Zinahusika. Kuna fomu ya kutangaza hatia, na za nje ya England na Wales hutajwa humo zikiwa bado ndani ya muda. Kudanganya kwenye maombi ni kosa la jinai.

Ukiwa na hatia iliyo kwenye orodha na ambayo muda wake haujaisha, halmashauri humjulisha mkuu wa polisi, naye ana siku 14 za kuweka pingamizi, kwa hoja kwamba kukupa leseni kutadhoofisha uzuiaji wa uhalifu. Asipopinga na masharti mengine yametimia, halmashauri lazima itoe leseni. Akipinga, kwa kawaida husikilizwa shauri. Nenda na ushahidi wa maisha ya baada ya hukumu: barua ya mwajiri, cheti cha matibabu ya uraibu, tarehe kamili. Ukikataliwa, una siku 21 kukata rufaa kwa mahakimu.

Ukishaipata, leseni haina tarehe ya mwisho. Lakini ukishtakiwa kwa kosa la orodhani, ni lazima uionyeshe mahakamani unapofika mara ya kwanza au kabla yake. Ukitiwa hatiani, mahakama inaweza kuisimamisha hadi miezi 6 au kukunyang'anya. Ukinyang'anywa, hutapewa nyingine kwa miaka 5.