Si kila "-ni" ni "in": dhana potofu kuhusu vihusishi vya mahali vya Kiingereza

Anayepokea wageni Arusha au Moshi hutaja mahali kutwa nzima: tukutane wapi, begi liko wapi, gari linasubiri wapi. Hapo ndipo Kiingereza cha wengi huteleza, na mara nyingi chanzo ni namna Kiswahili kinavyotaja mahali. Kiambishi kimoja, "-ni", hubeba mzigo wote: mezani, sokoni, garini, mlimani. Kiingereza huugawa mzigo huo kwa maneno matatu: "in", "on" na "at".

Dhana: "-ni", "katika" na "kwenye" zote ni "in"

Ukweli ni kwamba Kiingereza hutazama kwanza mahali penyewe pakoje. Penye kuta au mipaka ni "in": in the bag, in the room, in Moshi. Kitu kikigusa uso wa kingine ni "on": on the wall, on the floor. Mahali pakitajwa kama kituo tu, bila kujali ndani wala nje, ni "at": at the gate, at the market.

Chukua neno Kilimanjaro. Ukisema "in Kilimanjaro", msikilizaji anaelewa mkoa, kwa sababu mkoa una mipaka. Mlima una mteremko tunaoukanyaga, kwa hiyo ni "on Kilimanjaro". Mpagazi wa Marangu anaishi in Kilimanjaro, anafanya kazi on Kilimanjaro. Ukitaja hifadhi, mipaka inarudi: in the national park. Na kwa anayepanda kwa njia ya Marangu, safari huanza at Marangu Gate, kisha usiku wa pili hulala at Horombo, mita 3,720, in a hut. Horombo ni kituo. Kibanda kina kuta.

Tazama pia meza. Glasi iko on the table, lakini mgeni anayekula yuko at the table. Ukisema "the guest is on the table", umempandisha juu ya sahani. Kiswahili husema "mezani" kwa wote wawili, na hakuna anayechanganyikiwa.

Dhana: chombo chochote cha usafiri ni "in"

Gari dogo na teksi ni "in". Basi, treni na ndege ni "on", na daladala hufuata mkumbo huo hata kama abiria ameinama kwa kukosa nafasi. Bodaboda ni "on" kwa kuwa unakaa juu yake. Bajaji ni "in".

Kosa linalopoteza muda zaidi ni kuchanganya "at the car" na "in the car". La kwanza ni mtu aliyesimama kando ya gari, la pili ni aliyeketi ndani. Dereva akimwandikia mgeni "I am at the car" huku amekaa ndani na vioo vimepandishwa, mgeni atazunguka maegesho akitafuta mtu aliyesimama. Hapa Kiswahili kina msaada ambao watu hawautumii: "-mo". Kama ungesema "nimo garini", chagua "in". Kipimo hiki hakifiki kila mahali, maana "yumo kwenye basi" bado ni "on", ila kwa vyumba, mabegi na magari madogo kinafaa sana.

Dhana: "juu ya" ni "on"

Ni "on" pale tu vitu vinapogusana. Ndege inayopita juu ya Arusha iko "over" au "above" Arusha. Mbega wa Hifadhi ya Arusha aliye mtini yuko "in the tree", kwa sababu matawi na majani yamemzunguka. Ukimwambia mgeni "on top of the tree", atakodoa macho kileleni na kumkosa mnyama aliye tawi la katikati.

Dhana: "mbele ya" ni "in front of" siku zote

Duka likiwa ng'ambo ya barabara na linatazamana na hoteli yako, sema "opposite the hotel". "In front of the hotel" ni upande uleule wa barabara, mbele ya mlango. Mgeni aliyeelekezwa vibaya hapa hatavuka barabara kabisa.

Dhana: kufika huhitaji "to"

Hakuna "arrive to". Mji huchukua "in": arrive in Moshi. Kituo huchukua "at": arrive at the airport, arrive at the gate. Kitenzi "reach" hakitaki kihusishi chochote: we reach Uhuru Peak in the morning. Na "home" hukataa "to" vilevile: go home, arrive home.

Kuhusu mitaa, Waingereza husema "in the street" na Wamarekani "on the street", zote sahihi. Kwa barabara yenye jina, kama Sokoine Road pale Arusha, "on Sokoine Road" itaeleweka na wote.