Watangazaji wanawake ni wengi, lakini nani anahojiwa?

Wengi hapa Mbeya na Iringa huamini kwamba siku hizi wanawake wamejaa kwenye habari, maana redioni wanasikika wakitangaza tangu alfajiri. Kusikika wanasikika. Ila kutangaza ni jambo moja, kuhojiwa ni jingine. Ufuatiliaji wa vyombo vya habari unaofanyika katika nchi nyingi kila baada ya miaka 5 ulikuta wanawake ni asilimia 17 ya wanaozungumza au kuzungumziwa kwenye habari mwaka 1995, na asilimia 25 mwaka 2020. Mwendo wa kinyonga.

Unaweza kupima mwenyewe. Sikiliza taarifa ya habari ya saa 2 usiku kwa siku 7, daftari mkononi. Kila aliyehojiwa mwandike mara moja kwa kila habari: jinsia yake, na amezungumza kama nani. Mtangazaji usimhesabu; hapo ndipo hesabu nyingi huharibika.

Safu ya "kama nani" ndiyo yenye uzito. Kwenye habari ya viazi vya Uyole, mama aliyepanda na kupalilia ameulizwa mbegu na bei, au ameulizwa ugumu wa maisha tu, bei akaachiwa mwenyekiti? Mtandaoni soma majibu chini ya hoja ya mwanamke: yanajibu hoja, au mavazi yake?