Je, wajua? Raskolnikov hakujipeleka polisi kwa sababu ya majuto

Jioni moja hapa Jinja umeme ulikatika, tukakaa barazani watu wanne tukipiga soga, na mazungumzo yakaangukia kwenye riwaya. Mimi, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajaulizwa swali la pili, nikatangaza kwamba Raskolnikov, yule mwanafunzi muuaji katika *Uhalifu na Adhabu* ya Fyodor Dostoevsky, alijisalimisha kwa sababu dhamiri ilimsuta mpaka akajuta. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa akimenya karanga, hakunipinga. Aliuliza tu, "Mwanangu, kitabu ulikimaliza?"

Sikuwa nimekimaliza. Niliishia pale anapokiri, nikaziona zile sura mbili za mwisho kuwa makombo. Kumbe nyama ilikuwa humo.

Kwa asiyekifahamu: riwaya ilitoka mwaka 1866. Kijana fukara aliyeacha chuo jijini Petersburg anamuua kwa shoka bibi mmoja anayekopesha kwa rehani, kisha anamuua na mdogo wake bibi huyo, Lizaveta, aliyerudi nyumbani ghafla. Vitu alivyoiba anavificha chini ya jiwe uani, bila hata kuhesabu pesa. Hakuna aliyemwona. Kurasa zote zinazobaki, na ni nyingi, anahangaika na siri hiyo hadi anapoitoa mwenyewe.

Sasa turudi kwenye kosa langu, maana najua si langu peke yangu. Kiswahili kimetupa maneno ya kutosha, ila tunayachanganya. Kukiri ni kazi ya kinywa: nimefanya. Kujuta ni kazi ya moyo: laiti nisingefanya. Kutubu ni kugeuka na kushika njia nyingine. Majirani zetu Baganda nao, kwa Luganda, wanatenganisha kwatula (kukiri) na kwenenya (kutubu). Mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni hukiri papo hapo, na majuto yake, kama yapo, ni kwamba hakufuta midomo.

Raskolnikov ni mtoto huyo huyo, ila na shoka. Siku ile ile anayokwenda kujisalimisha, dada yake Dunya anapotaja uhalifu, anamfokea: uhalifu gani? Kwake aliyekufa ni chawa tu, bibi mnyonya damu za maskini. Anasema hivyo, kisha anakwenda kukiri! Anahukumiwa miaka 8 ya kazi ngumu Siberia, na huko gerezani anajikagua ndani nje, asione kosa la kutisha katika alichotenda. Kosa analoliona ni moja tu: kwamba alishindwa kustahimili, akajitoa mwenyewe. Nilisoma ukurasa huo mara tatu, nikidhani nimeruka mstari.

Dostoevsky haishii hapo. Ndani ya kitabu hicho hicho yumo fundi rangi aitwaye Mikolai, asiye na hatia yoyote, ambaye anaingia kwa kishindo na kukiri kwamba yeye ndiye muuaji, kwa kuwa anatamani kuteseka ili atakasike. Kwa hiyo asiyeua anakiri kwa moyo wote, na aliyeua anakiri bila kujuta. (Sheria ya ushahidi hapa Uganda nayo haiamini vinywa upesi: kukiri kwa mtu aliye mikononi mwa polisi hakupokelewi mahakamani mpaka kuwe kumefanyika mbele ya afisa wa cheo cha inspekta msaidizi au zaidi, au mbele ya hakimu. Mikolai angewapa kazi.)

Basi kama si majuto, ni nini kilichomsukuma?

Fikiria umekopa rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, kwa kijana wa chapati pale njia panda. Hujalipa, basi kesho unapitia nyuma ya kanisa. Wiki ijayo una deni kwa bodaboda wa stendi, na nyuma ya kanisa ndiko anakoegesha. Unatafuta njia ya tatu. Mji haujapungua hata nyumba moja, lakini wako umebaki uchochoro. Uongo hufanya kazi namna hiyo. Kila unayemficha kitu ni barabara moja imefungwa, na mwenye siri ya damu amefungiwa zote kwa mpigo, kwa sababu hakuna mazungumzo yasiyoweza kupinda ghafla yakaelekea kule.

Dostoevsky analionyesha hili kwa vitu vidogo. Siku moja baada ya mauaji, kijana amesimama darajani juu ya mto Neva. Mwanamke mmoja, akidhani ni ombaomba, amemtilia mkononi kopeki 20. Anaitazama ile sarafu, kisha anaitupa majini, na anahisi kana kwamba amejikata kwa mkasi kutoka kwa watu wote. Baadaye mama yake, ambaye hawajaonana kwa miaka 3, amemjia kutoka mbali. Anamtuliza: tutapata wakati wa kuzungumza hadi tuchoke. Maneno hayajaisha kinywani, anagundua kwamba amesema uongo wa kutisha. Hatazungumza naye kwa uhuru kamwe, wala na yeyote, juu ya jambo lolote. Hilo, nadhani, ndilo linalomvunja. Maiti hazimsumbui kiasi hicho.

Mpelelezi wake, Porfiry Petrovich, anaielewa hali hii vizuri mno. Yeye anatoa mfano wa nondo na mshumaa. Sisi tuna mfano bora: senene, wale panzi wa kuliwa. Aliyepita Masaka mwezi Novemba usiku ameona taa kali zinazouma macho, mabati yamesimamishwa wima, na mapipa chini yake. Hakuna anayekimbia na wavu. Ukimkimbiza senene nyasini anazama majanini, na rangi yake ya kijani inamficha. Ukiwasha taa ukakaa ukanywa chai, atakuja mwenyewe, atagonga bati, atateleza, na pipa litafanya yaliyobaki. Porfiry anasema waziwazi kwamba hataki kumkamata mtu wake mapema, kwa sababu kumfunga ni kumpa utulivu. Mfungwa anajua amesimama wapi, akajikunyata ndani yake. Aliye huru asijue mpelelezi anajua kiasi gani, huyo hupuruka kuizunguka taa.

Ila mfano wangu una tundu. Senene hana mtu wa kumwambia. Raskolnikov alimpata Sonya, binti aliyelazimika kuuza mwili wake ili ndugu zake wale, na huyo ndiye wa kwanza kuambiwa. Sonya hakumtuma polisi moja kwa moja. Alimwambia asimame njia panda, aibusu ardhi, awainamie watu wa pande zote nne na kusema kwa sauti kwamba ameua. Anayejua Balokole wetu wa miaka ya 1930, yaani Wakristo wa uamsho waliojiita waliookoka, waliosimama mbele ya kusanyiko kutaja dhambi zao moja moja, hatashangazwa na agizo hilo. Atashangazwa na matokeo. Kijana anapiga magoti katika uwanja wa soko, anaibusu ardhi yenye uchafu, na watu wanacheka: huyu kalewa. Neno "nimeua" linamkwama kooni.

Hata kituoni hamalizi mara moja. Anaingia, anamkuta luteni mwenye maneno mengi, anasikia habari za mtu mwingine aliyejiua, anatoka bila kusema lolote. Uani amesimama Sonya, amepauka, anamtazama tu. Anageuka, anapanda ngazi tena, na safari hii anasema.

Majuto, kama ndiyo jina lake, yanakuja Siberia, asubuhi moja kando ya mto mpana, Sonya amekaa ubavuni pake. Kijana anajikuta miguuni pake analia. Wahakiki wamebishana muda mrefu kama mwisho huo umeiva au umebandikwa, nami nawaelewa wa pande zote mbili, kwa kuwa mwandishi hasemi popote kwamba kijana ametubu. Anasema kwamba uhai umechukua nafasi ya hoja. Usiku huo Injili aliyoletewa na Sonya iko chini ya mto wake wa kulalia. Anaichukua mkononi. Haifungui.