Gitaa Linaloinama Kichwa: Yasemwayo na Ukweli Wake

Kwenye bendi zinazopiga mahotelini, kuanzia Nungwi hadi Jambiani kisiwani Unguja, mtazame mpiga gitaa akishasimama kwa muda wa saa nzima. Ukiona kiganja chake cha kushoto kimeikamata shingo hata pale ambapo hakuna uzi wa kubonyeza, ujue gitaa lake linainama kichwa. Akiliachia tu, shingo inateremka kuelekea sakafuni. Mkono uliotakiwa kupiga umefanywa hamali. Mara nyingi dawa ni kuhamisha kishikizo kimoja cha mkanda, kazi ya skrubu moja, lakini maneno yanayosemwa juu yake yamewafanya vijana wengi wauze magitaa mazuri kwa bei ya kutupa.

"Linainama kwa sababu ni la bei rahisi"

Si kweli, na dhana hii ndiyo inayoumiza zaidi. Gibson SG, iliyotoka mwaka 1961, haijawahi kuwa gitaa la bei rahisi, na sifa yake ya kuinama inajulikana dunia nzima. Bodi yake ni nyembamba na nyepesi, shingo imechomoza mbele sana, na kishikizo cha mbele kiwandani hufungwa mgongoni, pale shingo inapoungana na bodi. Besi ya Thunderbird ya kampuni hiyohiyo nayo ina tabia hiyo. Sasa tazama Stratocaster ya Fender, ya mwaka 1954: pembe yake ya juu inafika karibu na freti (vyuma vinavyoikatiza shingo) ya 12, na kishikizo kiko kwenye ncha ya pembe. Magitaa ya bei ndogo yaliyochongwa kwa umbo hilo hutulia vizuri tu.

Kinachoamua ni mahali. Aliyewahi kumwona mtu wa shamba akibeba mzega begani, yaani mti wenye mzigo kila ncha, ameshaielewa kanuni yote: mti hutulia pale tu bega linapokaa chini ya kitovu cha mzigo, na bega likisogea nyuma, upande wa mbele unazama. Gitaa lililoning'inia kwenye mkanda nalo hujizungusha mpaka uzito wake ukae chini ya bega. Kishikizo cha mbele kikiwa karibu mno na kiuno cha gitaa, sehemu kubwa ya uzito inabaki upande wa kichwa, na kichwa kinashuka. Ukisogeza kishikizo kuelekea kichwani, hata sentimita chache, bodi inashuka na shingo inanyanyuka.

"Ongeza uzito kwenye bodi, limekwisha"

Wapo wanaopachika vipande vya risasi ndani ya bodi. Gitaa linatulia, ni kweli, lakini hesabu yake ni mbaya. Tuseme kichwa cha gitaa kiko sentimita 60 kutoka begani, na kitako cha bodi kiko sentimita 25. Kila gramu 100 zilizozidi kichwani zitadai gramu 240 kitakoni ili pande mbili zilingane. Bega ndilo linalolipa, usiku kucha. Ukitaka kuchezea uzito, punguza kule mbali: badilisha vifunguo vya kukazia nyuzi uweke vyepesi. Gramu chache zikitoka kichwani zina nguvu kuliko nyingi zinazoingizwa kitakoni.

"Nunua mkanda mpana wa ngozi"

Mkanda mpana wenye ngozi ya kukwaruza upande wa ndani unasaidia, nami naupendekeza kwa kila mtu. Lakini hausawazishi chochote. Unashikilia shati tu, na shati linavuta shingo yako wewe. Usiku wa Februari pale Ngome Kongwe, wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, joto la kaskazi likiwa limepanda na shati limelowa jasho, mkanda huohuo unateleza. Kama ni wa nailoni ndiyo kabisa.

"Likitulia pajani, litatulia na begani"

Hii naisikia zaidi kwa waliokulia kwenye taarabu, ambako wapigaji hukaa vitini. Ukikaa, gitaa linaegemea kiuno chake kwenye paja na mkono wa kulia unaikandamiza bodi, kwa hiyo kishikizo hakina kazi. Ukisimama, yote hayo yanaondoka. Gitaa lijaribiwe kwa mkao litakaopigiwa.

"Kutoboa kutaua sauti"

Tundu la upana wa milimita chache kwenye pembe haliigusi sauti ya gitaa la umeme kwa kiasi cha kusikika. Linachoweza kugusa ni bei. Gitaa la zamani la miaka ya 1960 likitobolewa tundu jipya, wakusanyaji watalishusha thamani. Hilo msilitoboe. Haya mengine ni vyombo vya kazi.

"Tundu ni tundu, fundi yeyote atatoboa"

Hapa ndipo nawaomba watu watulie. Fundi seremala anayechonga makasha na milango ana mkono mzuri kuliko wengi wetu, lakini mwelezeni mbao iliyo mbele yake. Kabla hata ya keekee, funga kamba imara kwenye pembe pale unapopataka, shikiza mkanda hapo, simama, tegesha mkono chini ya shingo kisha uuondoe taratibu. Kama shingo bado inashuka, hapo si mahali pake, na hujapoteza kitu.

Mahali pakishajulikana, bandika utepe wa karatasi juu ya rangi isipasuke. Kwa skrubu ya milimita 3.5 kwenye mbao laini kiasi kama mahogani, tundu la milimita 2.5 linatosha, mbao ngumu inataka tundu pana kidogo zaidi. Zungushia utepe kwenye ncha ya keekee kuweka alama ya kina, maana pembe za SG zimechongwa kwa mteremko na ncha ikipinda kidogo inatokea upande wa pili. Panua kidogo mdomo wa tundu ili skrubu isiinue rangi. Paka nyuzi za skrubu nta ya mshumaa. Sabuni, ambayo wengi wanaitumia, inanyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu haichelewi. Afadhali skrubu ya chuma kisichoshika kutu, ila ni laini kuliko ya kawaida na kichwa chake hukatika ikilazimishwa, kwa hiyo tundu liwe la kipimo sahihi. Chini ya kishikizo weka kipande chembamba cha kitambaa kizito. Tundu la zamani lizibwe kwa kijiti cha mbao na gundi.

"Shingo lazima ilale sawasawa"

Si lazima. Wengi hupiga shingo ikiwa imenyanyuka kiasi, na gitaa lililosawazishwa hubaki pale ulipoliacha, mikono yote miwili ikiwa huru. Pia tegemea jambo jingine: kishikizo kikisogea mbele, gitaa zima linahamia kuliani kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, na freti ya kwanza inakuwa karibu zaidi. Mkanda utahitaji kupimwa upya, na kwa siku chache vidole vitatua pembeni ya mahali vilipozoea.