Mwanagenzi si kibarua wa bure

Ngamiani, jijini Tanga, kwenye vijiwe vya kahawa utasikia: kijana wa ufundi akipelekwa bandarini au kiwanda cha saruji kule Pongwe, basi mwajiri amepata kibarua wa bure. Si hivyo. Kibarua anaanza na kazi. Mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza ufundi kazini, anaanza na mtaala. Anagawa muda wake kati ya chuo na karakana, yupo fundi mzoefu wa kumsimamia, na anachojifunza huandikwa kwenye daftari ambalo mwalimu hulikagua. Akipewa ufagio tu miezi mitatu, hapo pana kasoro, na chuo kina haki ya kuuliza.

Hilo la "bure" nalo lina walakini. Mwajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, maarufu SDL, kutoka mfukoni mwake, haikatwi mshahara wa mfanyakazi kama wengi wanavyodhani. Sehemu yake hugharimia mafunzo ya ufundi chini ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ongeza vifaa vinavyoharibika mikononi mwa mwanafunzi, na saa za fundi anayefundisha badala ya kuzalisha. Wenye gereji wanazijua hasara hizo vizuri.