Je, wajua? Kwa nini viatu vya kutelezea barafuni vina jina la baiskeli

Mtanzania akiona herufi CCM, jembe na nyundo humjia kichwani kabla ya kitu kingine. Kule Kanada herufi hizohizo zimo kwenye kofia ngumu, magongo na viatu vya wachezaji wa hoki ya barafuni, nazo zilikitangulia Chama Cha Mapinduzi kwa miaka 78. Kirefu chake ni Canada Cycle & Motor, yaani baiskeli na magari. Baiskeli na barafu wapi na wapi?

Mwaka 1899 watengenezaji wakubwa wa baiskeli nchini Kanada waliunganisha viwanda, makao yakiwa Toronto, ili wasimezwe na Wamarekani. Waliungana kwa kuchelewa: homa ya baiskeli ilikuwa inapoa. Wakajaribu magari, yakaitwa Russell kwa jina la meneja wao, Tommy Russell. Karibu mwaka 1905 wakaanza pia kutengeneza vyuma vya kutelezea barafuni. Hesabu haikuwa ngumu. Chuma kipo, mafundi wapo, na theluji ikishafunika barabara nani ananunua baiskeli?

Lakini chuma hakivaliki bila kiatu, na kwangu shujaa wa kisa hiki ni fundi viatu: George Tackaberry wa mji wa Brandon, Manitoba. Jirani yake, mchezaji Joe Hall, alimlalamikia kwamba viatu vyake havimalizi msimu. Tackaberry akamshonea vingine kwa ngozi ya kangaruu, ambayo haitanuki ovyo ikilowa, akakaza kisigino na unyayo. Wachezaji wengine walipoviona, nao wakavitaka. Mwaka 1937 CCM ikanunua haki za viatu hivyo, na jina lao, Tacks, likabaki kuwa fahari ya kampuni. Hall hakuyashuhudia hayo. Aliugua homa kali ya mafua mwaka 1919, katikati ya fainali za Stanley Cup, kombe la hoki; zikakatishwa bila bingwa, naye akafariki siku chache baadaye.

Magari yaliachwa zamani. Mwaka 1983 kampuni yenyewe ilifilisika, ikagawanywa kama mirathi: baiskeli kwa huyu, hoki kwa yule. Upande wa hoki ukaja kupita mikononi mwa Reebok, kisha adidas, iliyouuza mwaka 2017. Kwa hiyo mtoto wa Kanada anaweza kuendesha baiskeli ya CCM kiangazi na kuvaa viatu vya CCM majira ya baridi, na waliovitengeneza hawana undugu wowote.