Fundi boti na muuza vifaa: dhana zinazowapotezea muda maoneshoni

Mwaka mmoja pale viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, nilikuwa nimesimama karibu na kibanda cha muuza rezini, ule utomvu wa kiwandani unaogandishwa kutengeneza boti za faiba, nikimsubiri mwenzangu. Akaja fundi mmoja kutoka Nungwi, kucha zake bado zina weupe wa jelikoti, lile tabaka la nje la boti ya faiba. Muuzaji akamkaribisha vizuri, akamuuliza swali moja: "Fundi, kwa mwezi unamaliza rezini kiasi gani?" Fundi akajibu, "Inategemea, kaka." Basi. Akapewa kadi na kalamu ya bure, muuzaji akamgeukia mtu mwingine. Hawakufika dakika mbili.

Jioni, tukinywa chai nje ya geti, fundi yule akaniambia maonesho ni ya matajiri, mtu mdogo hasikilizwi. Sikumbishia siku ile. Lakini mimi ni muuza vifaa vya boti, na kabla ya hapo nilikuwa nikipaka rezini kwa mikono yangu, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza. Nilijua aliyeua mazungumzo yale ni lile neno "inategemea". Tangu hapo nimekuwa nikizikusanya dhana za namna hii, za mafundi na za wauzaji pia.

"Maonesho ya boti ni pa kupeleka boti"

Hapa watu huchanganya vitu viwili. Yapo maonesho ya wanunuzi wa boti, kama Boot ya Düsseldorf huko Ujerumani, iliyoanza 1969 na sasa hufanyika kila Januari, au yale ya Dubai ambayo ndugu zetu walioko Ghuba huyapitia. Huko watu huja na familia, hupanda sitaha za boti za kifahari, hupiga picha. Na yapo ya wenye kazi yao. METSTRADE ya Amsterdam ilianza 1988, huchukua siku tatu kila Novemba katika kumbi za RAI, na boti haziuzwi pale. Utakuta pampu, nanga, taa, kamba, nyaya, gundi, rezini, vioo, usukani. IBEX ya Tampa, Florida, ni ya aina hiyohiyo, na huwa na madarasa ya ufundi pembeni.

Kwenye maonesho ya aina hii ya pili mjenzi wa boti ndiye mgeni anayesubiriwa. Aliyelipia kibanda ni muuzaji, na amekilipia ili wewe upite mbele yake. Fundi akilijua hilo, hata namna yake ya kusimama mbele ya meza hubadilika.

"Mimi najenga boti mbili kwa mwezi, hawana haja na mimi"

Tupige hesabu, maana hapa ndipo penye uzito.

Chukua boti ya faiba ya mita 7, ya wazi, ya uvuvi. Tuseme bodi lake lina mita za mraba 20, na fundi analaza tabaka 4 za mati, yaani mkeka wa nyuzi za kioo, ya gramu 450 kwa mita ya mraba. Hizo ni mita za mraba 80 za mati, yaani kilo 36. Mati iliyolazwa kwa mkono hunywa rezini zaidi ya mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo weka kilo 85 hivi. Ongeza mataruma, viti, viungo na ile inayomwagika au kugandia ndooni, utafika kilo 110. Pipa la rezini huwa na kilo kama 220. Kumbe boti mbili kwa mwezi ni pipa moja kwa mwezi, mapipa 12 kwa mwaka.

Kontena la futi 20 huingia mapipa kama 80. Mafundi saba wa ukubwa wa huyo bwana wa Nungwi, kwa mwaka, wamelijaza na kubakiza. Kuna muuzaji gani atakayemwita mtu kama huyo mdogo?

Sasa kwa nini aliulizwa ya mwezi na si ya mwaka? Kwa sababu rezini ya poliesta ni kama maziwa, inachacha. Kwa kawaida hudumu kama miezi 6 tangu itoke kiwandani, tena ikiwekwa mahali pasipozidi nyuzi 25. Toa wiki za baharini, toa siku za forodhani, toa joto la ndani ya kontena lililoachwa juani. Muuzaji akiagiza mapipa 80 bila kujua yatakwenda kwa kasi gani, nusu yatamgandia ghalani. Kwa hiyo swali lile halikuwa la dharau. Muuzaji alikuwa na hofu ya hasara yake, na jibu la "pipa moja kwa mwezi, na kijijini tupo saba" lingemfanya avute kiti.

Nimewashauri mafundi wengi waandike mambo manne kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani: boti ngapi kwa mwezi, urefu wake, rezini na mati kiasi gani kwa boti moja, na joto la pale wanapofanyia kazi saa sita mchana. Hili la joto wauzaji wa kutoka nje hulisahau kabisa, na nitalirudia.

"Fundi wa mbao hahusiki"

Anahusika, ila orodha yake ni nyingine. Anayejenga jahazi Matondoni kule Lamu au Pemba ana tezo yake, ana pamba ya kukalafati, ana mafuta ya sifa, na mbao hatazipata Amsterdam. Lakini anahitaji misumari iliyochovywa kwenye zinki ya moto, si ile iliyopakwa utando mwembamba unaong'aa dukani na kutoa kutu kabla ya mwaka. Anahitaji kamba, turubai la tanga, pampu ya ngamani, taa za njiani, na maboya ya kuvaa kwa kila abiria kama chombo ni cha watalii.

Halafu kuna Flipflopi. Ni jahazi la mita 9 lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, likavikwa ndara za rangi zote, likashushwa majini Septemba 2018. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Walioliunda wakiongozwa na Ali Skanda ni mafundi wa mbao wa palepale, kwa ustadi uleule wa mataruma na mkuku. Bila anayeyeyusha plastiki na anayechonga taruma kukaa pamoja na kubishana kuhusu kinachopinda na kisichopinda, chombo kile kisingeelea.

"Stenlesi ni stenlesi"

Hii imenigharimu mimi mwenyewe. Nilinunua mfuko wa bolti kwenye kibanda fulani, nikazijaribu kwa sumaku kama tulivyofundishwa, hazikunata, nikalipa. Baada ya miezi michache mteja akanirudishia boti ina machozi ya rangi ya chai chini ya kila bolti.

Ukweli ni kwamba sumaku haiwezi kukutenganishia 304 na 316, madaraja mawili ya stenlesi. Zote mbili kwa kawaida hazivutwi, au huvutwa kidogo sana. Tofauti yao ni molibdeni, asilimia 2 hadi 3 iliyomo kwenye 316, na hiyo ndiyo inayostahimili chumvi. Kwa bolti, angalia kichwani: A2 ni jamaa wa 304, A4 ni jamaa wa 316. Kwa bamba na bomba omba cheti cha kiwanda. Maoneshoni muuzaji mwenye mali ya kweli hukitoa bila kununa. Anayekuambia "niamini, mzee" muage kwa heshima, uendelee na safari.

"Bei ya maoneshoni ndiyo bei"

Bei ya pale ni ya mlangoni kwake. Chukua kifaa cha dola 100. Weka usafiri na bima, tuseme kimefika dola 130. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki huhesabiwa juu ya hiyo 130, na makundi yake makuu ni asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa za kati na 25 kwa bidhaa kamili. Tangu Julai 2022 lipo pia la 35. Kikiangukia kundi la 25 unafika 162.50. VAT ya Tanzania Bara ya asilimia 18 inakupeleka karibu 192, kabla ya tozo nyingine na malipo ya wakala. Sasa rudi ulinganishe na bei ya dukani kwako. Mara nyingine duka la mtaani ndilo rahisi, na hakuna aibu kuligundua hilo ukiwa bado na fedha mfukoni.

"Nitarudi na sampuli kwenye begi"

Usijaribu. Rezini ina staireni, na mvuke wake hushika moto kuanzia nyuzi 31 au 32 hivi, joto ambalo Dar huliona mchana wa kawaida wa Februari. Hadena, ile dawa ya kugandisha rezini, ndiyo mbaya zaidi: ni peroksaidi, na hairuhusiwi kwenye begi la ndege. Mwombe muuzaji atume sampuli kwa utaratibu wa mizigo ya hatari.

"Nikimweleza muuzaji, ataniibia umbo la boti yangu"

Muuza mashine hana haja na kalibu yako. Anachotaka ni uzito wa boti, mzigo, na kimo cha ubao wa nyuma panapofungwa mashine, ili ajue shafti yako ni ya inchi 15, 20 au 25. Ukikosea hapo, pangaboi ya mashine itapiga hewa au itajikokota chini sana, na lawama zote zitaangukia injini.

"Bila kwenda Ulaya hakuna kitu"

Hapa nitasema wazi. Kwa fundi mmoja wa kijijini, safari ya Amsterdam hailipi. Tiketi, hoteli, viza ya Schengen ambayo ombi lake linapaswa kufika angalau siku 15 kabla ya safari na si zaidi ya miezi 6 kabla, yote hayo kwa kutembea kumbini siku tatu! Mafundi kumi wakimtuma mmoja mwenye karatasi za wote, hapo pana hesabu. Nyumbani tunayo Sabasaba kuanzia tarehe 28 Juni, Nane Nane ambako wavuvi nao wana nafasi yao, na maonesho ya biashara ya Zanzibar wakati wa sherehe za Mapinduzi. Kasoro yake ni kwamba wauza vifaa vya boti hutawanyika, mmoja yuko na wauza pampu za kisima, mwingine na wauza rangi za nyumba, na fundi hurudi nyumbani bila kuwaona.

Mkutano uliozaa matunda kuliko yote niliyohudhuria ulifanyika chini ya mwembe, ufukweni: mafundi tisa, wauzaji wawili, pipa moja la rezini lililofunguliwa. Mwandaaji alikuwa na akili, aliuita siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana. Kuna watu wa ofisini huwaalika mafundi siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kisha wanalalamika kwamba viti viko vitupu. Bamvua ndipo vyombo hupandishwa pwani, vikakwanguliwa na kukalafatiwa. Fundi gani ataacha kazi hiyo aje kula sambusa za semina?

"Ukishapata kadi, kazi imekwisha"

Chini ya mwembe ule hakuna aliyetoa kadi. Mmoja wa wauzaji alimwachia kila fundi kopo dogo la rezini na kichupa cha hadena, akawaomba wafanye jaribio moja: gramu 100 kwenye kikombe, hadena gramu 2, kivulini, saa sita mchana, wahesabu dakika hadi igande. Kwenye karatasi ya kiwanda iliandikwa dakika 20, lakini kwa nyuzi 25. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10, muda huo hupungua karibu nusu.

Wanne kati ya tisa walifanya. Yule wa Nungwi alikuwa miongoni mwao. Alituma picha ya kikombe kimeganda na simu kando yake inaonesha dakika 9, akaandika chini: "Kwa muda huu siwezi kumaliza hata upande mmoja. Nataka ya polepole, pipa moja kila mwezi." Muuzaji alimpigia simu kabla ya alasiri.